Rula na bikari tu: AB = sm 8, pembe A = 30°, BC = sm 5. Napata AC sm 4.1, majibu yanasema 9.9

Nukta_A

Habari wakuu. Swali linataka pembetatu ABC ichorwe kwa rula na bikari peke yake, kipimapembe hakiruhusiwi. AB = sm 8, pembe BAC = 30°, BC = sm 5. Ukimaliza, pima AC.

Nilivyofanya: nimechora AB sm 8. Nimechomeka bikari pale A, nikapiga tao la sm 3 hadi likaikata AB. Kwenye makutano hayo nikahamishia ncha, upana uleule, nikalikata lile tao la kwanza. Hiyo ni 60°. Nikaigawa nusu kupata 30°, nikachora mstari kutoka A wenye urefu wa sm 6 hivi. Mwisho nikafungua bikari sm 5, ncha kwenye B, nikapiga tao dogo likaukata ule mstari. Hapo nikaweka C.

AC inatoka sm 4.1. Karatasi ya majibu inasema 9.9. Nimerudia mara tatu: 4.1, 4.0, 4.1. Nikiikagua pembe A kwa kipimapembe baada ya kumaliza naona 31, mara nyingine 32. Je, nyuzi moja au mbili zinaweza kuigeuza 9.9 ikawa 4? Na kwa nini 30 yangu haikai?

---

Mwl_Tao

Una mambo mawili tofauti hapo, yasichanganywe. Pembe yako imezidi kidogo, ni kweli, lakini siyo iliyokunyima 9.9. Aliyekunyima ni ule mstari wa sm 6.

Rudi kwenye mchoro uleule. Refusha mstari wa 30° kutoka A hadi uvuke sm 11. Sasa fungua bikari sm 5, ncha kwenye B, na badala ya kukwaruza tao dogo pale unapodhani C ipo, zungusha tao refu litoke upande wa A lipite juu hadi upande wa pili wa B. Litaukata mstari mara mbili. Makutano ya kwanza yako karibu sm 3.9 kutoka A, ya pili karibu sm 9.9. Yote mawili yana AB = 8, pembe A = 30° na BC = 5. Kwa vipimo ulivyoviandika, pembetatu ni mbili, na jibu lako siyo la kosa, ni nusu ya jibu.

Sababu yenyewe: umepewa pande mbili na pembe ambayo haiko kati yake. Pembe iko A, lakini pande ni AB na BC, zinazokutana B. Upande wa BC unaning'inia kutoka B kama mlango kwenye bawaba, na mlango huo unaweza kuugusa mstari ukiwa umeelekea A au ukiwa umeipa A mgongo.

Unaweza kujua idadi ya majibu kabla hujachora lolote. Umbali mfupi kuliko wote kutoka B hadi mstari wa AC ni ule wa pembemraba, na kwa pembe ya 30° umbali huo ni nusu ya AB, yaani sm 4. Kwa hiyo BC ikiwa chini ya sm 4 tao linaishia hewani, hakuna pembetatu. Ikiwa sm 4 kamili tao linaugusa mstari mahali pamoja na pembe C inakuwa 90°. Kuanzia juu ya sm 4 hadi kabla ya sm 8 ni mbili. Ikifika sm 8 au kuzidi inabaki moja tu, kwa kuwa makutano ya kwanza yanaangukia A penyewe au nyuma ya A. BC yako ni 5, iko katikati ya eneo la mashaka.

Ukipewa pande zote tatu, au pande mbili na pembe iliyobanwa kati yake, au pembe mbili na upande mmoja, hutakutana na utata huu. Kwa pande tatu kagua jambo moja tu: mbili fupi zikijumlishwa zizidi ile ndefu. Sm 3, 4 na 8 hazifungi, matao hayatakutana hata uchore siku nzima.

Swali langu kwako: kwenye karatasi hakuna sentensi nyingine yoyote? Mtunzi anayejua kazi yake haachi swali kama hili bila kusema ni pembetatu ipi anayoitaka.

---

Kata_Tao

Ikiwa hakuna maelezo, chukua ile yenye pembe zote kali. Ndiyo kawaida.

---

Mwl_Tao

@Kata_Tao, hapa kawaida hiyo haisaidii, kwa sababu hakuna hata moja yenye pembe zote kali. Kwenye pembetatu ndogo (AC = 3.9) pembe butu iko C, karibu 127°, na B ni 23°. Kwenye kubwa (AC = 9.9) C ni kali, karibu 53°, lakini butu imehamia B, karibu 97°. Angalia pia kwamba 127 na 53 zinajumlika 180. Lazima iwe hivyo: makutano yote mawili yako sm 5 kutoka B, kwa hiyo B na hizo C mbili zinafanya pembetatu pacha (yenye pande mbili sawa), na pembe moja ya C ni ya ndani ya pacha hiyo, nyingine ni ya nje.

Kama swali halina neno la ziada, unachora zote mbili, C₁ na C₂, na unaandika majibu yote mawili.

---

Ncha_Kali

Nijibu lile la 30° kutoka 31 au 32, maana hapo ndipo wengi wanalaumu mkono wakati tatizo ni ukubwa wa tao.

Tao la sm 3 ni dogo mno kwa kazi hii. Fanya hesabu: wakati wa kuhamisha ncha kutoka A, bikari ikifunguka mm 1 tu, 60° yako inakuwa kama 62.2°. Ukiigawa nusu kosa nalo linagawika, linabaki 31.1°. Juu yake ongeza kosa la kuunganisha. Ukitumia sm 3 kote, makutano ya matao ya kugawia pembe yako yapata sm 5.2 kutoka A, na rula ikipita pembeni ya nukta hiyo kwa mm 1, umeongeza zaidi ya nyuzi 1. Ndiyo hiyo 32 yako.

Tumia tao la sm 6. Linaenea vizuri ndani ya AB ya sm 8. Kufunguka kulekule kwa mm 1 kutakupa 61.1°, yaani 30.5° na ushei baada ya kugawa. La muhimu zaidi, makutano ya kugawia sasa yanakuwa sm 10.4 kutoka A. C yako ya mbali iko 9.9. Maana yake mstari unaunganisha A na nukta iliyo mbele ya C, hauurefushi kwa kukisia. Mstari uliorefushwa kutoka nukta mbili zilizokaribiana huzidisha kila kosa kadiri unavyoenda mbali.

Na vipimo vyako vyenyewe vinashuhudia. Pembe ikiwa 30 kamili, C ya karibu iko 3.9. Ikiwa 31 inasogea hadi 4.0, ikiwa 32 inafika 4.1. Ndizo namba ulizopata. Upande wa mbali ni mkali zaidi: kwa 31° unapata 9.7 badala ya 9.9, kwa 32° unashuka hadi 9.4. Kwa hiyo ukirekebisha mstari bila kurekebisha pembe, bado hutafikia 9.9.

Sasa kifaa. Bikari za mkebe wa kawaida zina ugonjwa mmoja, kiungo cha juu kulegea. Kaza ile skrubu hadi miguu ikatae kidogo kufunguka. Kama haikazi tena, shika bikari kwa kishikio cha juu tu wakati wa kuzungusha, vidole visiguse miguu. Penseli iwe fupi, imebanwa sawasawa, na ncha yake ifike chini pamoja na sindano bikari ikiwa imefungwa. Penseli ikitangulia, bikari inasimama upande na upana unabadilika unapozunguka. Risasi ya 2H inabaki kali kuliko HB. Kama ni HB, inoe kwenye kipande cha msasa kila baada ya matao matatu au manne.

Chini ya karatasi weka daftari. Sindano ikikosa pa kuzama inateleza, na tundu likipanuka huna tena nukta, una shimo.

Upana usiupime kuanzia ukingo wa rula. Rula nyingi za plastiki sifuri haipo ukingoni, na za zamani kona zimelika. Chomeka sindano kwenye alama ya 1 na penseli kwenye 6 ukitaka sm 5. Kosa la hapa linajulikana: mtu anaanza kwenye 1 halafu anasoma 5, anapata sm 4. Kwa swali hili hilo lingekuwa balaa, kwa kuwa sm 4 ndiyo hasa mpaka kati ya pembetatu mbili na hakuna.

Matao usiyafute. Msahihishaji anayatazama hayo kabla ya pembetatu yenyewe, na pembe ya 30° isiyo na matao inasomeka kama ya kipimapembe.

---

Nukta_A

Asanteni sana. @Mwl_Tao umepatia. Chini ya vipimo kuna mstari: "pembe ACB ni kali". Niliuona kama maelezo ya kupamba tu, sikujua ndio unaochagua.

Nimerudia kwa tao la sm 6 na mstari mrefu. AC ya mbali sasa ni 9.8. Pembe A naona 30 na nusu. Ninaweza kuipata 9.9 au hii ndiyo mwisho wa mkono?

---

Ncha_Kali

9.8 inakubalika kwa mitihani mingi, kosa la mm 1 husamehewa. Lakini ujue pia tao la sm 5 linaukata mstari wako kwa pembe ya karibu 37°, siyo wima. Mistari ya unene wa nusu mm ikikatana hivyo, makutano yanakuwa kijibonge chenye urefu wa karibu mm 1.6. Chukua katikati ya kijibonge, siyo ukingo wake.

---

Pembemraba

Kwa swali hili hasa kuna njia nyingine isiyopita kwenye 60° kabisa, na ni sahihi zaidi.

Gawa AB nusu, uite M. Kwa vile AB ni sm 8, AM ni sm 4. Bikari ikiwa sm 4, ncha kwenye M, chora nusu duara kutoka A hadi B. Usibadilishe upana. Hamishia ncha kwenye B, kata ile nusu duara, paite D. Unganisha A na D, urefushe hadi sm 11. Pembe BAD ni 30°.

Kwa nini? Pembe yoyote iliyochorwa ndani ya nusu duara, miguu yake ikianzia kwenye ncha mbili za kipenyo, ni pembemraba, kwa hiyo ADB ni 90°. BD ni sm 4, nusu ya AB. Pembetatu yenye pembemraba na upande mfupi ulio nusu ya mrefu ina pembe ya 30° inayoutazama upande huo mfupi. Tao la B linaikata nusu duara kwa 60°, makutano yake ni safi, na D iko sm 6.9 kutoka A, mbali ya kutosha kuelekeza mstari.

Zawadi ya ziada: D ndiyo mahali ambapo wima kutoka B unaangukia AC. BD = 4 na BC = 5, basi DC = 3. Badala ya kutegemea tao la sm 5 linalokata kwa mshazari, fungua bikari sm 3, ncha kwenye D, weka alama pande zote mbili za D kwenye mstari. Hizo ni C mbili: 6.9 ukitoa 3 ni 3.9, ukijumlisha 3 ni 9.9. Halafu piga tao la sm 5 kutoka B kama ushahidi. Likipita kwenye alama zote mbili, mchoro umefunga.

Tahadhari: njia hii inategemea kwamba pembe ni 30°. Nusu duara inafaa kwa pembe yoyote ukishajua urefu wa BD, lakini BD kuwa nusu ya AB ni mali ya 30° peke yake.

---

Kata_Tao

Nimekubali la pembe kali. Na mimi nina swali la jirani, nisifungue uzi mpya. Mzingo sm 12, pembe B = 60°, pembe C = 45°. Hakuna upande hata mmoja uliotajwa. Unaanzia wapi? Ninaweka 60 na 45 kwenye ncha za mstari wa sm 12, na pembetatu inatoka kubwa mno.

---

Mwl_Tao

Inatoka kubwa kwa sababu umeufanya mzingo wote kuwa upande mmoja. Pembetatu hiyo ina mzingo wa zaidi ya sm 31.

Kipande cha sm 12 ni pande tatu zilizonyooshwa juu ya mstari mmoja: AB imelazwa kushoto, BC katikati, CA kulia. Kazi yako ni kuzikunja zirudi. Pembe za ncha ziwe *nusu* ya zile ulizopewa.

Chora XY = sm 12. Pale X jenga 30°. Pale Y jenga 22.5°: simamisha 90°, igawe nusu kupata 45°, igawe tena. Kwenye Y tumia matao makubwa, maana umegawa mara mbili na kila mgawo una nukta yake ya kukosea. Mistari miwili ikutane A. Kama A iko juu ya XY kwa karibu sm 2.9, uko sawa.

Sasa chora mstari unaoigawa AX nusu kwa pembemraba: bikari iwe pana kuliko nusu ya AX, tao juu na chini kutoka A, tao juu na chini kutoka X, unganisha makutano. Mahali unapoikata XY ni B. Fanya vilevile kwa AY, unapata C upande wa kulia. Unganisha A na B, A na C.

B iko kwenye mstari unaoigawa AX nusu, kwa hiyo BX = BA. XBA ni pembetatu pacha, pembe zake za X na A ni 30° kila moja, na pembe ya nje pale B ni jumla yake, 60°. Upande wa C hoja ni hiyohiyo kwa 22.5° mara mbili. Na kwa kuwa BX = BA na CY = CA, basi AB + BC + CA = XY = sm 12.

Vipimo vya kukagulia: AB sm 3.3, BC sm 4.6, CA sm 4.1. Pembe A ya ndani 75°. Jumla ikitofautiana na 12 kwa mm 1 au 2, kosa karibu kila mara liko kwenye 22.5°.

Kuna wanaokwepa kugawa AX na AY, wakanakili 30° na 22.5° pale A badala yake. Kihoja ni sahihi, lakini kwa mkono ni mbaya zaidi: A imejaa mistari, na kunakili pembe kunataka uhamishe upana mara mbili.

---

Nukta_A

Njia ya nusu duara imenipa 9.9, na tao la sm 5 limepita kwenye alama zote mbili. Moja la mwisho: swali linalofuata lina pembe ya 50°, na limeandikwa "rula na bikari". Nimejaribu 60 kutoa kitu, sifiki.

---

Pembemraba

Hutafika. Kati ya pembe za nyuzi kamili, zinazojengeka kwa rula na bikari peke yake ni zile zinazogawanyika kwa 3: 3, 6, 9, 12 na kuendelea. Hamsini haigawanyiki. Ingejengeka, ungeitoa kwenye 60 ukabaki na 10, ukaijumlisha mara mbili ukapata 20, na 20 ni theluthi ya 60. Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba pembe haigawiki tatu kwa vifaa hivi kwa ujumla, na 60° ni miongoni mwa zinazokataa.

Soma tena maelekezo ya swali hilo. Uwezekano mkubwa kipimapembe kimeruhusiwa kwa pembe, na bikari ni ya pande.